Kujua Watu Kabla ya Kuwaita

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi katika siku ya mafunzo. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku ile.)



Nimeombwa niseme juu ya elimu ya jamii, yaani elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, na jinsi wanavyoweza, au wanavyoshindwa, kutenda jambo pamoja. Najua baadhi yenu mkisikia jina hilo mnadhani ni kazi ya watu wa Chuo Kikuu na makaratasi yao. Nataka kuwaonyesha kuwa ni kazi yetu hasa, na kwamba chama kisichoifanya hulipa gharama yake. Tena mara nyingi wanaolipa si wale waliokosa.

Naanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa tawi katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja jina. Malalamiko yetu yalikuwa ya kweli. Saa za ziada zilikuwa hazilipwi, na vibarua walikuwa wakiandikwa na kuachishwa kila baada ya majuma machache ili wasipate kuwa watu wa kudumu. Daftari letu la wanachama lilikuwa limejaa. Kamati ilikaa, tukahesabu majina, tukajiona tu wengi, tukatangaza kuwa Jumatatu mtu asiingie kazini.

Jumatatu ilipofika tulisimama langoni sisi watu wa kamati pamoja na wachache wengine. Wenzetu wa chumba cha kufungia bidhaa, karibu wote wanawake, walipita mbele yetu wakitazama chini, wakaingia. Ilipofika saa nne asubuhi mgomo ulikuwa umekwisha. Vibarua kumi na mmoja waliosimama nasi hawakuitwa kazini tena. Mimi nilirudi kwenye kazi yangu ya kudumu.

Tuliwaita wale mama waoga. Baadaye sana ndipo nilipopata kujua habari yao. Wengi wao walikuwa wamepanga vyumba katika ploti moja, na mkusanyaji wa kodi alikuwa nduguye nyapara. Tena walikuwa na upatu wao, na zamu ya juma lile ilikuwa ya mwenzao ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali. Kila mmoja alijua kuwa akikosa malipo ya juma lile, yule mwenzao atakosa fedha za mtoto. Basi, ndugu zangu, wale hawakuwa watu wasio na umoja. Umoja wao ulikuwa na nguvu kuliko wetu. Sisi hatukuujua, wala hatukuwauliza.

Neno langu la leo ni hilo. Watu hawatendi pamoja kwa sababu tu wanateseka pamoja. Hutenda pamoja kwa nyuzi ambazo zimekwisha kuwaunganisha: nyumba, deni, msiba, upatu, lugha, timu ya mpira, mahali pa kula. Mwenye kutaka kuwaita lazima azijue nyuzi hizo kwanza. Nitawapa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa hapa kwetu.

KIJIJI CHA MARIENTHAL

Katika nchi ya Austria, karibu na mji wa Vienna, kuna kijiji kiitwacho Marienthal. Zamani maisha yake yote yalitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda hicho kilianza kufungwa mwaka wa 1929, na mwaka wa 1930 kilikuwa kimekufa kabisa. Kijiji kilikuwa na jamaa 478, na katika jamaa tatu kwa kila nne hapakubaki mtu hata mmoja mwenye kazi.

Wataalamu wa Vienna, wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuchunguza hali ya watu hao, na kitabu chao kikatoka mwaka wa 1933. Wakati ule wengi walikuwa na hoja moja: watu wakikosa kazi wote kwa pamoja, na njaa ikiwauma wote kwa pamoja, basi wataamka. Sikieni waliyoyakuta.

Kijiji kilikuwa na maktaba ya wafanyi kazi. Zamani kuazima kitabu kulikuwa na ada ndogo, kisha ikaondolewa. Watu sasa walikuwa na wakati tele, na vitabu ni bure. Lakini toka mwaka wa 1929 mpaka 1931 vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Palikuwa na bustani nzuri ya kupumzikia, ambayo siku za kazi ilitunzwa vizuri. Sasa kila mtu alikuwa na nafasi ya kushika jembe, na hakuna aliyelishika. Njia ziliota magugu. Wachunguzi walikaa dirishani na saa mkononi, wakapima mwendo wa watu katika barabara ya kijiji. Wanaume walitembea polepole, wakasimama mara kwa mara bila sababu. Wanawake walikwenda upesi zaidi, kwa sababu mwanamke hata kazi ya kiwanda ikiisha, kazi ya nyumbani haimwachi.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi. Barua za kuchongeana ziliongezeka. Mtu alimwandikia mkubwa wa serikali, bila kutia jina lake, kwamba jirani yake anapokea fedha za msaada na huku anafanya kazi kwa siri. Nyingi za barua hizo zilipochunguzwa zilionekana hazina ukweli.

Mnaona? Shida ile ile iliyotazamiwa kuwakusanya iliwatawanya. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda hakikuwa mahali pa kupata mshahara tu. Ndipo walipokutana, wakapeana habari, wakafanyiana mzaha na kupanga mambo yao. Kilipofungwa, njaa ilibaki, lakini nyuzi zilikatika. Vyama vya kijiji navyo vilipoteza watu. Vilivyohimili zaidi ni vile ambavyo mwanachama alipata humo faida aliyoweza kuiona kwa macho yake.

Kuna jambo moja zaidi la Marienthal, nami naomba mjumbe asilisahau. Wale wachunguzi walijiwekea sharti kwamba asiwepo mmoja wao kijijini kama mtazamaji tu. Kila mmoja afanye kazi ya kuwafaa wenyeji. Walikusanya nguo Vienna wakazigawa, wakaleta daktari, wakafundisha ushonaji. Kwa njia hiyo walisikia mambo ambayo karatasi ya maswali peke yake isingeyaleta. Mama aliyepokea koti la mtoto alisema habari za nyumba yake bila kuulizwa mara mbili.

MOMBASA, JANUARI 1947

Sasa turudi nyumbani. Nataka muweke kijiji kile upande mmoja, na Mombasa ya mwaka wa 1947 upande wa pili, mpime.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maisha Mombasa yalikuwa magumu. Bei za vitu zilikuwa zimepanda, vyumba vilikuwa haba, na kodi ilikula sehemu kubwa ya mshahara. Makuli wengi wa bandarini walikuwa vibarua wa kutwa: leo una kazi, kesho huna. Mtu akiwatazama kutoka mbali angesema hawa hawawezi kuungana kamwe. Hawana mkataba, hawana tajiri mmoja, wala hawana chama chenye daftari. Wengine ni wenyeji wa Pwani, wengine wametoka bara. Wengine Waislamu, wengine Wakristo.

Lakini tarehe 13 Januari 1947 mji wote ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, watu wa hoteli, wafanyi kazi wa serikali, watumishi wa nyumbani. Mgomo ulikaa kama siku kumi na mbili. Kila siku watu walikutana katika kiwanja cha mpira kilichopewa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo hapo, mgomo ukiendelea, wakaunda chama, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la African Workers' Federation, na kiongozi wake mashuhuri akawa Chege Kibachia. Mwishowe Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda kusema nao kiwanjani, wakakubali kurudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa. Baraza la uamuzi likawekwa chini ya Jaji Thacker, na mishahara ya wengi ikaongezwa.

Angalieni mpango wa mambo ulivyokuwa. Hapa mgomo ulikuja kwanza, chama kikafuata. Basi kabla ya chama kuwako, ni kitu gani kilichowashika watu pamoja?

Mwanahistoria wa Kimarekani, Frederick Cooper, ambaye mwaka wa 1987 alitoa kitabu juu ya makuli wa Mombasa, ametusaidia kuona jibu. Ule ukibarua wenyewe, tunaoudhani kuwa udhaifu, ulikuwa uzi. Kibarua wa bandarini hakuwa mtu wa bandarini tu. Leo anabeba magunia gatini, kesho anafanya kazi nyingine mjini. Amepanga chumba Majengo katika nyumba moja na mpishi wa hoteli, na mtu wa reli, na boi wa nyumba ya Mzungu. Wote wanalipa kodi ile ile, wanateka maji mahali pamoja, wanaelewana kwa Kiswahili. Shida ya bandarini ilifika jikoni kwa bwana mkubwa jioni ile ile, kwa sababu kuli na boi walilala chini ya paa moja.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1939, mwezi wa Julai na Agosti, migomo ilikuwa imeanza kwa vibarua wa Idara ya Kazi za Umma waliodai fedha za nyumba, ikapita kutoka kundi hili hadi lile mpaka ikafika bandarini. Kwa hiyo mwaka wa 1947 watu wa Mombasa walikuwa na kumbukumbu. Walikwisha kuona kwa macho kwamba jambo hili linawezekana.

Linganisheni basi. Marienthal watu walikuwa na historia ndefu ya vyama, na shida moja, na wakati mwingi. Lakini mahali pao pa kukutana palikufa. Mombasa watu hawakuwa na chama, lakini mahali pa kukutana palikuwa kila pembe. Shida walikuwa nayo wote wawili. Kilichotofautiana ni nyuzi.

WAKUBWA NAO WALIJIFUNZA

Ndugu zangu, sehemu hii ni chungu, lakini lazima niiseme. Sisi hatukuwa peke yetu katika kujifunza elimu ya jamii. Serikali ya kikoloni na matajiri nao walikaa wakajiuliza: umoja huu umetoka wapi? Nao wakapata jibu lile lile.

Jambo la kwanza lilikuwa kumwondoa kiongozi. Agosti 1947 Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet huko Baringo, akazuiliwa huko muda wa miaka kama kumi, mbali na watu aliowajua. Lakini kumwondoa mtu mmoja ni jambo la mwanzo tu. La pili lilikwenda ndani zaidi. Katika miaka iliyofuata, na zaidi katika miaka ya 1950, makuli waliandikwa katika daftari maalumu. Waliokuja kazini siku chache waliondolewa katika daftari, na waliobaki wakafanywa polepole kuwa watu wa kazi ya kudumu, wenye mshahara mzuri zaidi na taratibu zao wenyewe za kusikilizwa.

Sisemi kwamba hilo lilikuwa baya lote. Mtu aliyepata kazi ya kudumu na mshahara wa kulisha watoto hawezi kuambiwa arudi kwenye ukibarua ili historia iwe nzuri. Faida ilikuwa ya kweli, na ilipiganiwa. Mgomo wa makuli wa Machi 1955, ambao Tom Mboya alikwenda Mombasa kuusimamia katika mazungumzo, ulileta nyongeza kubwa. Lakini tujue pia kilicholipwa. Mshahara wa bandarini ulipopanda kuliko wa mji, na mapatano yakawa ya bandari peke yake, uzi kati ya kuli na jirani yake ulilegea. Mpishi wa hoteli hakuwa tena na sababu ile ile ya kusimama kuli akisimama.

Mimi naliona jambo hili kila siku katika viwanda vyetu vya leo. Ndani ya lango moja kuna mtu wa kudumu, na mtu wa mkataba wa miezi mitatu, na mtu aliyeletwa na wakala wa kuajiri, na kibarua wa kutwa. Wote wanashika mashine moja, lakini mavazi ni tofauti, saa ya kula ni tofauti, siku ya malipo ni tofauti. Msidhani mambo hayo ni ya bahati tu. Kila tofauti ni uzi uliokatwa. Na chama kikiwasikiliza watu wa kudumu peke yao, basi kimeshika mkasi upande wa pili.

MTU AKAAYE KANDO

Kuna swali ambalo kila mjumbe huulizwa: "Kwa nini nilipe ada, ikiwa nyongeza ikija nitaipata hata nisipolipa?" Swali hili si la wavivu tu. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Mancur Olson, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka wa 1965. Hoja yake ni kwamba katika kundi kubwa, faida ikiwa ni ya wote, kila mmoja ana sababu ya kukaa kando na kuwaachia wengine gharama. Wote wakifikiri hivyo, jambo halifanyiki, hata kama wote wanalitaka. Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 inalitambua jambo hili: asiye mwanachama lakini anafaidika na mapatano ya chama aweza kukatwa ada ya uwakilishi kwa njia iliyowekwa.

Lakini sheria hukata fedha, haileti moyo. Mtu aliyekatwa ada hasimami langoni kwa sababu amekatwa. Hapa yafaa tumsikilize mtaalamu mwingine, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka wa 2009. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 alichunguza watu wanaotumia kitu kwa pamoja: misitu, malisho, mahali pa kuvulia samaki, mifereji ya maji. Aliona ya kuwa watu wengi hawakai kando. Wanatunza kitu chao miaka mingi, wakati mwingine mamia ya miaka, bila polisi kusimama juu yao.

Mmoja wa mifano yake ni Valencia, Hispania. Huko wakulima wanaogawana maji ya mto wana baraza lao wenyewe, lililochaguliwa nao. Hukutana Alhamisi mlangoni mwa kanisa kuu la mji, mbele ya watu wote. Mwenye kushtakiwa kuwa ameiba maji husema neno lake kwa mdomo, na hukumu hutoka papo hapo.

Ostrom aliona kwamba makundi yanayodumu yana mambo yanayofanana. Inajulikana wazi nani yumo na nani hayumo. Kanuni hutungwa na wale wale zitakaowabana. Wanaoangalia kama kanuni zinafuatwa huwajibika kwa wanachama. Kosa la kwanza hupata adhabu ndogo, na adhabu hukua kosa likirudiwa. Tena pana mahali rahisi pa kumaliza ugomvi, karibu na upesi.

Sasa nawauliza mama zetu waliomo hapa: je, haya si mambo ya upatu wenu? Mnajua nani yumo. Zamu mmeipanga wenyewe. Mweka fedha ni mwenzenu mnayemwona kila siku. Anayechelewa mara ya kwanza husemeshwa, mara ya pili hutozwa, mara ya tatu hutolewa. Hakuna mtu wa Chuo Kikuu aliyekuja kuwafundisha. Basi kama mfanyi kazi analeta fedha yake ya upatu kila juma bila kukosa, na huyo huyo hafiki mkutanoni mwa tawi, tusiseme hana moyo wa ushirika. Tujiulize upatu una nini ambacho tawi letu halina. Mara nyingi jibu ni hili: kwenye upatu aliziona hesabu, alisema neno lake katika kutunga kanuni, na anajua zamu yake itafika.

KAZI YA MJUMBE

Nimesema mengi, sasa niseme la kufanya. Kabla kamati ya tawi lenu haijatangaza jambo lo lote kubwa, mjumbe wa kila idara na aweze kujibu maswali haya juu ya watu wake:

1. Wanalala wapi, na nani huwakusanyia kodi? Akiwa ana udugu na wakubwa wa kazini, nani atafukuziwa chumba?

2. Mtu akiishiwa kabla ya siku ya malipo, hukopa kwa nani? Mwenye duka la madeni anaweza kuvunja mgomo kuliko askari, na akiwa upande wenu anaweza kuushika.

3. Ni nani huulizwa shauri? Msiangalie mwenye cheo. Angalieni ugomvi ukitokea watu humwendea nani. Mara nyingi ni mama mzee asiyesema kitu mkutanoni.

4. Vikundi vilivyokwisha kuwako ni vipi: upatu, kikundi cha mazishi, kwaya, timu ya mpira, watu wa kijiji kimoja? Nani yumo katika viwili au vitatu? Huyo ndiye atakayepeleka neno kutoka kundi moja hadi jingine.

5. Ni nani atakayeumia kwanza jambo likiharibika? Mtu huyo awe amesikilizwa kabla ya kura kupigwa.

Nawaonya mambo matatu. Kwanza, msiende kama wapelelezi na karatasi mkononi. Kumbukeni sharti la Marienthal: nenda ukiwa na la kumfaa mtu. Msaidie mwenzako kusoma karatasi yake ya malipo, au fuatana naye kudai fidia ya kidole kilichokatwa na mashine. Habari zitakuja zenyewe. Pili, msiandike majina ya watu pamoja na siri zao. Daftari la namna hiyo likiangukia mikono ya nyapara litakuwa silaha juu ya wale wale waliotuamini. Tatu, msidhani kwamba majina mengi ndani ya simu ni jumuiya. Neno linaweza kuwafikia watu mia tano kwa dakika moja, na asubuhi wakaja watano. Simu hubeba neno. Haimpi mtu sababu ya kumwamini aliyelituma.

Kuna atakayeniambia: "Ndugu, hii ni kazi ya miezi, na shida yetu ni ya leo." Ni kweli. Lakini lile tangazo letu la Jumatatu lilituchukua jioni moja tu, na likawagharimu watu kumi na mmoja kazi zao.

Nataka kumaliza na hao kumi na mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Baadhi yao walikuwa na haki hiyo. Hatukujua walikuwa wameanza lini, kwa sababu hatukuwa tumewaandika kama watu wetu. Tuliwahesabu langoni siku ya mgomo, hatukuwahesabu siku nyingine yo yote. Nilipokwenda kumtafuta mmoja wao, nilikuta chumba kimepangwa na mtu mwingine.

Wale mama wa chumba cha kufungia, baadaye nilikwenda kwao pia. Sikwenda na maneno ya umoja ni nguvu. Nilikwenda kwa sababu mwenzao alikuwa amefiwa na yule mtoto, nikakaa matangani kama watu wengine. Hapo ndipo mmoja wao aliponiambia, bila hasira: "Karani, mngalituuliza, tungaliwaambia mngoje juma moja tu."

Juma moja tu, ndugu zangu. Zamu ingekwisha kupita, fedha za hospitali zingekuwa zimelipwa, na labda tungesimama langoni sote.

Basi kila mjumbe arudi kwenye idara yake, na kabla ya mkutano ujao wa tawi awe amejibu walau maswali mawili katika yale matano. Tukikutana tena hapa, sitawauliza mna wanachama wangapi. Nitawauliza mnawajua wangapi.